Waliotoka Kabla ya Sehemu ya Tatu

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imeanza leo, na imeanza na mawe. Nilikuwa kwa dobi ya hoteli nikikunja mashuka wakati Mungai, mwenye hoteli, alipoingia akijipangusa mabega.

"Mama Mideva, si wewe ndiye wa zamani zaidi hapa? Mnunuzi anapenda historia. Niandikie ukurasa mmoja tu kuhusu ile thieta, nimtumie."

Ukurasa mmoja! Nikamwambia sikumbuki kitu. Akacheka, kisha akaniambia, macho kwa simu, kwamba hoteli inafungwa mwisho wa Julai, inabomolewa, kwa hivyo kila mfanyakazi apange mambo yake.

Nipange mambo gani? Nina miaka sitini na moja. Chumba hiki nyuma ya dobi nilipewa na babake Mungai, Mzee Kinyanjui, nikiwa bado msichana wa kutazamwa, na sijawahi kuhama. Mume sina, mtoto sikujaliwa. Mahali pekee pengine ninapoweza kuita kwangu ni kwa marehemu mume wangu huko Bungoma, na huko nilifukuzwa siku ya matanga.

Historia nitaandika. Lakini ni yangu, na Mungai haioni ng'o.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mashuka hayakauki.

Jumapili, 13 Aprili

Haya, thieta.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya chumba cha kulia. Wazungu waliujenga wachezee michezo yao na kujipigia makofi wenyewe. Walipoenda, Mzee Kinyanjui akanunua hoteli na ukumbi ukiwa ndani, na viti vyake vya kukunja, na pazia jekundu lililoliwa na panya upande wa chini. Hakujua aufanyie nini. Sisi ndio tulijua. Tulikuwa makarani, walimu, nesi mmoja, na fundi wa cherehani. Tulimwomba Jumamosi alasiri. Akakubali kwa sharti moja, kwamba saa kumi na mbili baa inafunguliwa, tuwe tumemaliza au hatujamaliza.

Mchezo uliojaza ukumbi ulikuwa *Uji wa Mgonjwa*. Mimi nilikuwa Sera. Murunga, mume wangu wa kweli, alicheza mume wa Sera, na kakake Murunga, Zachariah, akacheza kaka wa mgonjwa. Sehemu ya kwanza, Sera anamuuguza mumewe. Sehemu ya pili, mume anakufa, na kakake anasimama kwa baraza la chifu anasema alimwona Sera akitia sumu kwa uji. Sera anafukuzwa. Sehemu ya tatu, kaka anatubu kwamba aliyetia sumu ni yeye, alitaka shamba, na Sera anaitwa nyumbani.

Sasa, sehemu ya pili ilikuwa inaisha saa kumi na mbili. Na unajua watu wetu. Wanaume walisikia chupa zikigongana huko baa, wakatoka. Wanawake walikuwa na magari ya Cheptiret na Kiplombe, ya mwisho hayo, na mawingu yamefunga. Ukumbi mzima unasimama, viti vinapiga kelele, kwaheri. Sehemu ya tatu tuliichezea viti vitupu, na Mzee Kinyanjui akipita akizima taa za nyuma kupunguza bili ya stima.

Niliwaambia wenzangu wafupishe sehemu ya kwanza. Nani alinisikiza? Mwalimu aliyeuandika mchezo alisema hawezi kukata hata neno. Basi mji huu wote wa Eldoret ulikuwa ukienda nyumbani kila Jumamosi ukijua Sera ni muuaji. Waliniita Sera sokoni, Sera kanisani. Kuna wamama walivuka barabara wakiniona. Murunga alicheka mpaka akashika mbavu. "Umecheza vizuri, ndiyo maana," aliniambia.

Nimechoka. Mkono unauma.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimalize, niachane nayo. Murunga alienda kwao wakati wa palizi akashikwa na malaria. Nilipofika alikuwa ameshazimia, na hakuzinduka. Daktari aliandika malaria kwa cheti. Nani alisoma cheti?

Siku ya matanga wakasema anayemjua marehemu huko Eldoret aseme neno. Kaka yao mkubwa, Wabuge, akamsukuma Zachariah mbele. Akasimama pale, mikono imening'inia, na akasema:

"Niliona kwa macho yangu haya mawili. Sera alikoroga uji, akatazama mlango, akatoa karatasi kifuani."

Neno kwa neno! Ni sehemu ya pili! Hata alisema Sera, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hata wao walikuwa wameshazoea kuniita hivyo. Nilipiga kelele kwamba huo ni mchezo. Wengi wao walikuwa wameuona mchezo huo Eldoret, lakini mpaka sehemu ya pili tu, na kwao Sera ni muuaji. Nilifukuzwa na viatu mkononi. Baadaye nikasikia sehemu ya shamba ya Murunga amepewa Zachariah.

Kikundi chetu kikavunjika. Ukumbi ukawa duka la fanicha, ukawa stoo ya mitumba, ukawa kanisa, kisha Mzee Kinyanjui akaugawa kwa plaiwudi ukawa vyumba vya wageni. Leo hakuna anayejua. Ila chumba nambari 34 sakafu yake iko juu kidogo, ni ya mbao, na ukitembea inalia. Hapo ndipo jukwaa lilikuwa.

Jumanne, 22 Aprili

Choo cha juu kimeziba. Mungai anasema hakuna haja ya kutengeneza kitu kinachobomolewa.

Jumamosi, 3 Mei

Mungu wangu. Mungu wangu wa mbinguni.

Siku hizi wageni wetu ni wagonjwa wanaokuja kutibiwa hospitali kubwa, wale wanaokaa wiki nyingi. Leo nimebeba mashuka naenda zangu risepsheni, nakuta mama mnene ameegemea meza, na mzee mrefu nyuma yake amevaa kabuti. Mama akageuka. Ni Nasambu, dada wa mwisho wa kina Murunga. Nilimwacha akiwa msichana wa shule.

"Mulamwa," akasema polepole. Hivyo ndivyo wanavyoita shemeji kwao. "Kumbe bado uko hapa."

"Niko. Ningeenda wapi?"

Mzee wa kabuti alikuwa anaangalia dari. Zachariah! Nywele zote nyeupe. Nasambu akamwambia Joy wa risepsheni kwamba ni uvimbe shingoni, atapigwa mionzi mpaka wiki ya tatu ya Juni, na kwamba kichwa chake kimeanza kusahau, wasishangae. Yeye lazima arudi, mahindi yanangoja palizi. Joy atakuwa anamsindikiza hospitali.

Joy akampa nambari 34, kwa sababu ndicho chumba cha bei ya chini.

Nimejifungia huku kwangu. Si hofu hii, ni hasira.

Jumatatu, 5 Mei

Kumbe ni rahisi. Mtu mmoja tu ndiye anaweza kunisafisha jina, na amelala vyumba vichache kutoka kwangu. Aseme tu ulikuwa mchezo. Aseme kwa simu, Nasambu asikie, Wabuge asikie. Nitakuwa na pa kwenda kabla hawajabomoa hapa.

Jumatano, 7 Mei

Nimeenda. Nimesimama mlangoni nikamwambia, "Zachariah, unanijua?"

Akanitazama kwa heshima. "Wewe ni wa hospitali?"

"Mimi ni Mideva. Mke wa Murunga."

"Murunga yuko kazini," akasema. "Atakuja jioni."

Nikabamiza mlango nikaondoka. Huyu atasema nini sasa?

Ijumaa, 16 Mei

Mvua tangu asubuhi. Joy amenijia dobi mbio. "Aki Mama Mideva, huyo mzee wa 34 anaongea peke yake. Anatembea juu ya zile mbao anaongea kama yuko mahakamani. Ananitisha."

Nikaenda kusikiza nyuma ya mlango. Alikuwa anatembea, mbao zinalia, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kufika kiti cha nyuma. *Niliona kwa macho yangu haya mawili.* Alipofika mwisho akanyamaza. Nikajua anangoja nini. Anangoja chifu amuulize.

Nikafungua mlango, nikauliza swali la chifu: "Na wewe ulikuwa wapi?"

Uso ukawaka. "Nilikuwa dirishani, chifu, natafuta jembe langu."

Hajui siku. Hajui kama amekula. Lakini mchezo wote anao.

Jumapili, 1 Juni

Sijaenda kanisani. Nilikuwa nambari 34. Nampa neno, ananijibu. Shingo yake imeungua kwa mionzi, na sauti imekwaruza, lakini hakosei. Nikimwuliza kitu cha kawaida anapotea, anaanza kushika vifungo vya kabuti.

Nimeshapanga. Watakapokuja kumchukua nitamsemesha mbele yao. Watasikia yale maneno ya matanga yakitoka kwa sababu nimeyaita, kama maji ya mfereji. Hapo hata Wabuge ataelewa.

Alhamisi, 12 Juni

Barafu imeanguka, mabati yamepasuka, nambari 36 inavuja. Wafanyakazi wa jikoni wameachishwa. Nimebaki mimi, Joy na askari wa geti.

Jumamosi, 21 Juni

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Wamefika saa saba, Nasambu na Wabuge, na gari ya kukodi. Mvua ikawazuia kutoka. Wakakaa nambari 34, Nasambu kitandani, Wabuge kwa kiti, fimbo katikati ya magoti. Zachariah alikuwa amesimama katikati ya chumba amevaa tayari. Nikaingia, Wabuge akageuza uso ukutani.

"Mzee Wabuge," nikasema, "sikuombi kitu. Nisikize tu dakika moja." Nikamgeukia Zachariah, nikasema neno la chifu: "Nani ana ushahidi juu ya mwanamke huyu?"

Akasonga mbele hatua mbili. Mbao zikalia. "Niliona kwa macho yangu haya mawili. Sera alikoroga uji, akatazama mlango, akatoa karatasi kifuani."

Nasambu akashika mdomo. "Ni yale yale," akasema. "Wabuge, ni yale yale ya matanga."

"Ni mchezo," nikasema. "Tulikuwa tunauchezea hapa hapa, mahali umeweka miguu. Nikimpa neno lile lile tena atajibu hivyo hivyo." Nikampa tena. Akajibu hivyo hivyo, hata na kile kikohozi alichokuwa anakohoa baada ya mlango.

Wabuge alikuwa amegeuka sasa. Nilimwona anafikiri. Nilishinda, wallahi, kama ningeondoka wakati ule nilikuwa nimeshinda. Lakini Zachariah alikuwa amewashwa, na mchezo haukuwa umeisha. Akapiga magoti mwenyewe, bila mtu kumpa neno. Akaanza sehemu ya tatu.

"Si Sera. Watu wangu, si Sera. Karatasi ilikuwa yangu. Nilimnywesha ndugu yangu kifo kwa sababu ya shamba la mtoni. Mrudisheni mke wake, mimi nifungeni."

Akalia. Alikuwa analia vizuri sana huyu mtu, hata enzi zile, na viti vitupu ndivyo vilimwona.

Wabuge akasimama. Uso wake, sitausahau. Shamba la Murunga liko mtoni, na ni Zachariah analilima.

"Kwa hivyo ni wewe," akamwambia. "Miaka yote hii umekula kwa meza yangu."

Nikafungua mdomo niseme hiyo pia ni mchezo. Na Nasambu akanishika mkono, akaniita, "Mke wetu. Mke wetu, tulikukosea," na machozi yakimtoka kweli kweli. Tangu Murunga afe hakuna mtu wa kwao aliyenigusa.

Nikafunga mdomo.

Wakaondoka na mvua ile ile. Zachariah akawafuata mpaka gari, ameshika mkoba wake. Wabuge akafunga mlango wa gari, mzee wa watu amesimama kwa matope. "Huyu abaki," akasema. Nasambu akanipungia mkono dirishani.

Jumapili, 22 Juni

Nimepata nilichotaka. Nimepata! Sijui mbona sijafurahi.

Jumamosi, 5 Julai

Nasambu amepiga simu. Nyumba yangu wanaipiga udongo upya, kwa uwanja wa Murunga, kando ya kaburi. Wamama wanauliza mimi hula nini. Ananiita mulamwa kwa sauti ya kunibembeleza.

Zachariah ameniuliza kama gari limefika. Anauliza kila siku. Kabuti limefungwa mpaka shingoni, mkoba juu ya magoti. Nikipiga simu kwa Wabuge, inakatwa.

Jumatano, 9 Julai

Joy alimwuliza leo, "Mzee, chai ama maziwa?" Akamtazama Joy, akatazama kikombe, akashika vifungo. Joy alingoja mpaka akachoka, akammiminia chai. Mimi nikakumbuka. Zachariah alikuwa hivi hivi hata akiwa kijana na akili zake timamu. Mazoezini alikaa kona hana neno, ukimsalimia anatabasamu. Umpe maneno ya mtu mwingine, hapo utamsikia. Murunga alikuwa anasema huyu ndugu yangu bila mwalimu ni bubu.

Na siku ile Wabuge alimsukuma mbele ya watu wote, ndugu yake yuko kwa sanduku, akaambiwa aseme neno. Akasema alilokuwa nalo.

Sijamsamehe. Hapana. Baadaye angeweza kurudi awaambie, na shamba alilichukua. Lakini miaka hii yote nimekuwa namwona akipanga, na sasa simwoni tena akipanga.

Jumamosi, 19 Julai

Mafundi wamekuja kupima. Wameng'oa plaiwudi ya nambari 33, na kwa ukuta wa nyuma kuna rangi ya ile mandhari tuliyochora, milima na jua. Mungai akapiga picha amtumie mnunuzi. Mimi nimepita tu na ndoo yangu.

Jumapili, 27 Julai

Nimepiga simu. Nilipiga nikiwa nimesimama, nisipate nafasi ya kubadilisha nia.

"Nasambu, sikiza. Zachariah hakumuua mtu. Alikuwa anacheza sehemu ya tatu. Hamkuwahi kuiona kwa sababu mlikuwa mnatoka mapema."

"Mulamwa, tulisikia na masikio yetu."

"Hata yale ya matanga mlisikia na masikio yenu."

Nilisikia kuku, na mtoto anaitwa kwa mbali.

"Kwa hivyo ni nani?" akauliza.

"Hakuna mtu. Ni malaria."

"Kijana wa nguvu vile? Hapana. Lazima kuna mkono wa mtu."

"Hakuna mkono, Nasambu."

"Basi kama si wake..." Akaacha hapo. Nilimngoja amalize, aone mwenyewe anafika wapi. Akashusha sauti. "Sikiza, mulamwa. Wabuge ameshawaambia watu wote. Nyumba yako imekauka. Ukisema hivi tunarudi pale tulipokuwa, na sitaweza kukutetea. Wewe nyamaza tu, uje nyumbani. Nakuomba."

Nikajua kwamba ananiamini. Haki ya Mungu, aliniamini, na bado aliniomba ninyamaze, na aliniomba kwa upendo. Nilitaka kwenda! Nataka kwenda hata sasa ninapoandika. Nataka kulala kando ya Murunga wakati wangu ukifika, na kufagia uwanja ambao ni wangu.

"Mtakuja kumchukua Zachariah?"

"Wabuge hawezi kumwona."

"Basi na mimi siji."

Akakata simu, au mtandao ukapotea. Nimelia sana. Na nimejikasirikia mwenyewe, kwa nini sikunyamaza kama watu wengine.

Alhamisi, 31 Julai

Mvua, na mizigo yetu nje kwa veranda chini ya karatasi ya nailoni. Mungai ameniuliza tena ule ukurasa. Nikamwambia mnunuzi aje aniulize mwenyewe. Zachariah alipanda kwa pikapu bila kuuliza tunaenda wapi.

Jumapili, 10 Agosti, Kiplombe

Nyumba ni vyumba viwili vya mabati, na kishamba cha sukuma nyuma. Mwenye ploti ni mama mmoja wa makamo, Waiyego. Alimtazama Zachariah, akanitazama, akauliza, "Ni mzee wako?" Nikasema ni shemeji yangu. Akasema pole. Hakuna anayeniita Sera huku.

Leo baada ya chakula cha mchana simu ikalia. Nasambu. Nilidhani amekosea nambari. Kisha akauliza, "Yuko na nani huko?"

"Yuko na mimi."

"Nani anampikia?"

"Nani tena? Ni mimi."

Nilimsikia anavuta pumzi. "Na anakula?"

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa ameketi kwa stuli, kabuti amevua, sahani imefutwa safi, na anainyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Anakula, Nasambu," nikamwambia. "Anakula na anaitisha ingine."

Hakukata simu. Nikaiweka mezani ikiwa wazi, nikaenda nikampakulia.